Mama Ikupa na Kibao cha Nyuma ya Ofisi

Tarehe 30 Juni 1997 Mama Ikupa Mwasomola anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kilimo hapa Tukuyu kwa miaka thelathini na moja. Alianzia Kinyala akiwa bibi shamba kijana, na wenyeji wanasema alipanda vilima vile kwa miguu akawatangulia wenye baiskeli. Tunasadiki, maana mama huyu hata chai haisubiri ipoe.

Hata hivyo, kazi iliyompa jina ni ile iliyoshindikana. Mwaka 1992 migomba ya Ikuti ilikuwa ikianguka na mikungu michanga. Mama Ikupa alisema udongo umechoka, dawa yake mbolea. Ruzuku ilikuwa inaondolewa na bei haishikiki, lakini watu walimwamini. Mzee Ambindwile, mkulima wa huko, akaamua kumuuza ng'ombe wake pekee ili anunue mbolea. Hapo Mama Ikupa akashtuka. Akamsihi mzee asubiri kwanza, ili yeye mwenyewe aijaribu nadharia yake kwenye kishamba cha nyuma ya ofisi: upande mmoja mbolea, upande wa pili bila.

Migomba ya mbolea ilinenepa, ikapendeza kweli. Kisha ikaanguka kama ile mingine. Loo! Wengine wetu tungefyeka, tukapanda maharage, mambo yakaisha. Yeye akawaita wakulima waje waone, mzee Ambindwile akiwa mbele. Kwa kuwa sasa ilijulikana si njaa ya udongo, wakachimbua mashina, wakakuta fukusi, wadudu wala mashina, wametoboa kila mahali. Tangu hapo watu wa Ikuti huipara miche kuondoa wadudu hao kabla ya kuipanda, na migomba yao imesimama.

Pale kishambani alisimika kibao: "Hapa Ikupa alikosea." Mkubwa mmoja aliyetutembelea aliagiza king'olewe, eti kinaaibisha ofisi. Mama akamweleza kwa heshima zote kwamba kikitoka, mwingine atakuja kukosea palepale, na safari hiyo ng'ombe atauzwa. Mkubwa alimaliza chai yake akaondoka.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulitegemea atasema vitenge. Akaomba kishamba kisiguswe. Kuna waliokwisha kupapigia hesabu pajengwe kibanda cha duka, kwa hiyo tulibishana sana. Mwisho tukakubali.

Mzee Ambindwile amefika leo na maziwa, ya mtoto wa ng'ombe yuleyule. Ndaga fijo, asante sana, Mama Ikupa. Upumzike kwa afya na furaha, tutakukumbuka mno. Kibao chako tumekipaka rangi upya. Maneno hatukuyagusa.