Mwalimu Yudith Anayekwenda Chuoni

Wachungaji wetu, wazee wetu shikamooni, majirani na ndugu nyote mliojaa hapa Chumbageni, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wake, na kwa kuwa kila aliyeingia ameliona gari la chuo cha udaktari pale getini na wengine wameshaanza kununa, naomba mnivumilie, nitalieleza.

Dada yetu Yudith Hosea Shemweta alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Soni, Lushoto, akasoma huko huko hadi sekondari, akahitimu ualimu Korogwe mwaka 1981 na kupangiwa Tongoni, ambako watoto walimsikia kabla hawajamwona. Mwaka 1992 alihamia Mabawa, akafundisha na kuongoza kwaya ya usharika hadi alipostaafu mwaka 2021.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Rafaeli Mhina wa Muheza, wakajaliwa watoto wawili, Ritha na Hosea. Ukweni walimpenda, ila bada, ule ugali wa muhogo, nusura ilete ugomvi, maana alimeza vitonge vidogo vidogo akisukumia kwa maji, mama mkwe akasema bibi arusi wa milimani anaringa, na sisi nyumbani tulishazoea kumwita Bi Madaha.

Sababu ilijulikana Agosti 2009, alipofanyiwa upasuaji wa rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Daktari Muntasir aliitafuta neva ya sauti ya upande wa kulia mahali inapokaa kwa watu wengi, asiione, akasita. Kwa kawaida, alitueleza baadaye, neva hiyo hushuka, ikazunguka chini ya ateri ya mkono wa kulia, ndipo ikapanda kooni, lakini kwa dada ateri hiyo ilichomoza upande wa kushoto wa kifua na kupita nyuma ya umio, ikawa inambania njia ya chakula, na neva, kwa kukosa cha kuzunguka, ilikatiza moja kwa moja hadi kooni, pale pale kisu kinapopita. Angeidhania uzi wa nyama, mwalimu angeamka hana sauti. Aliamka akadai uji kwa sauti ile ile, nami nililia wodini bila haya.

Dada alipouliza wanafunzi wa udaktari hujifunzia wapi mambo hayo, aliambiwa ni kwenye picha, na kwenye miili ya watu wasio na ndugu. Hilo lilimkera sana, akatamka mbele ya mumewe na watoto kwamba akifa apelekwe chuoni.

Alianza kuugua moyo mwaka 2023, akafariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2025. Baba yetu mdogo alishuka kutoka Soni kaburi likiwa limeshachimbwa karibu na mama, akakataa katakata mwanawe kupasuliwa na vijana asiowajua, na kikao kilikuwa kigumu, mpaka Ritha alipomuuliza kama yupo tayari vijana hao waje kujifunzia kwenye koo lake yeye mjukuu, siku atakapopasuliwa akiwa hai. Mzee akasema kaburi lifukiwe, litachimbwa tena chuo kitakapomrudisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na jirani yetu Bi Shemsa aliyempikia uji kila asubuhi.

Dada, wenzako huambiwa wapumzike kwa amani, nasi tutakuambia hivyo siku utakayorudi Soni. Leo wanafunzi wanakusubiri, nenda kafundishe.