Mama Basi, Dereva Aliyehamia Ndani ya Gari Lake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Basi hata msijue jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee wa dereva wa lori na mkunga wa zahanati. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, na sekondari akaishia kidato cha pili, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu baba yake alivunjika mguu na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta chochote mezani. Aliuza mitumba, akafagia karakana, na humo humo karakanani akajifunza kuendesha, akapata leseni mwaka 1990, na mwaka 1996 shule ikamwajiri kuendesha basi la wanafunzi, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipomkatalia.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na fundi cherehani, ambaye leo ameketi hapa akiwa mgane, wakajaliwa binti mmoja na kijana mmoja. Fundi ana pumu tangu utotoni, na tunalitaja hilo kwa kuwa ndilo lililomtia marehemu hofu kuliko jambo lolote maishani mwake.

Korona ilipoingia, mwezi Machi 2020, shule zilifungwa na basi likaegeshwa nje ya nyumba yake. Haikupita muda muuguzi wa zahanati alimjia, akasimama mbali, akamweleza kwamba gari la wagonjwa ni moja tu kwa eneo zima, teksi zinamkimbia kila anayekohoa, na watu wanafia vitandani kwao. Marehemu alimpigia simu mwenye shule, naye akamjibu, "Chukua, mama, ila mafuta sina." Mafuta yakachangwa na mtaa, mfamasia akatoa barakoa, muuza mboga akawa anapeleka chakula milangoni kwa waliojitenga, na fundi akashona pazia la plastiki la kutenga kiti cha dereva.

"Nenda," fundi alimwambia siku ya kwanza, "lakini urudi."

"Humu ndani sirudi mpaka hili lipite," marehemu alijibu. "Nikikuletea huo ugonjwa, kwa pumu hiyo utapumua na nini?"

Akahamia ndani ya basi, akalala kiti cha nyuma, sahani yake akiwekewa juu ya ukuta, na mazungumzo ya mume na mke yakawa ya dirisha kwa dirisha.

Si wote waliofurahi. Basi likinguruma, milango ilifungwa, na mwenye duka la kona akasema mbele za watu, "Gari hili linabeba kifo na kutuletea mlangoni, lisiingie tena." Siku hiyo marehemu alikuwa amembeba fundi wa kuchomea vyuma, hospitali ya kwanza ikawafungia geti kwa kukosa vitanda, ya pili haikuwa na oksijeni, na mgonjwa akaanza kuomba arudishwe akafie kwake. "Nyumbani nitakurudisha, ila si leo," marehemu alimwambia bila kugeuka, akaendesha hadi hospitali ya tatu, wakampokea, na mpaka leo mzee huyo anachomea vyuma. Aliporudi alikuta njia ya kuingia mtaani imezibwa kwa mawe. Hakugombana na mtu, aligeuza gari akaegesha uwanja wa mpira, na mumewe, aliyemfuata huko na kikapu cha chakula, anasema hakuwahi kumwona akilia vile.

Sehemu inayofuata, mwenye duka mwenyewe, ambaye yuko hapa pamoja nasi, ametuomba tuisome.

Asubuhi moja ya mwezi Julai mke wake alishindwa kupumua. Mwenye duka alikimbia hadi uwanjani, na marehemu ndiye aliyeanza kusema.

"Nani?"

"Mke wangu. Hata kukaa hawezi."

Marehemu akawasha gari. "Tangulia ukatoe mawe. Nitapita wapi?"

Waliyaondoa wawili, kwa mikono, huku kikohozi cha yule mama kikisikika mpaka barabarani, kisha kikanyamaza. Mwenye duka aliangusha jiwe akakimbilia ndani, akamkuta bado ana pumzi. Walimfikisha hospitali akiwa hai, akafariki tarehe 2 Agosti.

Baada ya mazishi mwenye duka alijifungia, naye marehemu akawa kila jioni anasimamisha basi mlangoni pake na kupiga honi. Hatimaye alitoka, akamuuliza, "Mama, yale mawe yasingekuwepo, angepona?"

"Sijui, baba," marehemu alimjibu. "Na wewe hujui. Kula kwanza." Akamsogezea sahani iliyotoka kwa fundi. Wiki iliyofuata mwenye duka alipanda basi, akawa ndiye anayekaa nyuma ya pazia na kuwashika wagonjwa wasianguke.

Marehemu aliugua korona Februari 2021, akapona, ila mapafu yake hayakurudi kuwa yaleyale. Alirudi kulala chumbani kwake mwezi Mei mwaka huo, na fundi hakuambukizwa. Aliacha kazi mwaka 2023, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu na madereva wenzake, na majirani wote, waliochanga mafuta na walioweka mawe, kwa kuwa yeye hakuwahi kuwatenganisha.

Mama Basi, kapumzike kwa amani. Fundi tuko naye.