Mguu Uliokuwa Ukatwe

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ni Musyoka, yule wa bucha hapa Mwingi, na leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu yote miwili.

Ndugu zangu, nilikuwa mnene sana. Nyama choma na soda ndizo zilikuwa chakula changu, na kila safari ni bodaboda. Watu walinisifu, wakisema kitambi ni baraka. Kisha kiatu kikanichubua kidole. Kidonda kikakataa kupona, mguu ukavimba, ukaanza kunuka. Mke wangu Kalekye akanipeleka hospitali ya serikali. Walipopima sukari, ilikuwa juu sana. Daktari akaangalia mguu, akasema, "Mzee, huu tutaukata."

Nililia, wapendwa.

Lakini wodi ilikuwa imejaa watu wa sukari na presha, wengi wanene kama mimi. Nililala kitanda kimoja na mwalimu mmoja mkubwa. Yeye akigeuka, mimi nashika ukuta. Nesi wetu, Sista Mwende, alikuwa anaumwa mgongo kwa sababu ya kutuinua. Akaniambia, "Baba, daktari wa upasuaji ni mmoja na nyinyi mko wengi. Utangoja. Sasa tusingoje bure. Wewe dungwa dawa, kula vile nakuambia, na mimi nisafishe hicho kidonda."

"Na maombi?" nikamuuliza.

"Omba sana. Ukisema amina, soda usiguse."

Kalekye akawa ananiletea ndengu na mboga ya kunde. Nyinyi mkaja mkaniombea pale kitandani, mpaka mwalimu naye akaitikia. Kila asubuhi Mwende alisafisha kidonda.

Zamu yangu ikafika. Daktari akafungua bandeji, akainama kukiangalia kidonda kwa karibu. Nikajua nimekwisha. Halafu akasema, "Nyama mpya inaota. Huyu mrudisheni wodini, hatumkati." Kalekye akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kuangalia.

Ndugu zangu, Mungu aliniokoa kwa mikono ya nesi aliyechoka. Kidonda kimefunga, mwili umepungua, na kliniki ya sukari naenda kwa miguu, nikiimba njiani.

Namshukuru Mungu, nawashukuru nyinyi. Kama uko hapa na unaogopa kupimwa, jua kwamba Mungu wetu hachoki, lakini manesi wetu wanachoka. Twende mapema, kabla ya kubebwa. Kesho asubuhi napita hapa kanisani nikienda kliniki. Nikukute mlangoni, mtegemee Bwana, tutembee pamoja.