Kochi la Maua na Meza ya Kuning'inia

Kijiwe kilikuwa mbele ya kibanda cha kinyozi: benchi moja refu lenye mguu uliofungwa waya, na birika la kahawa lisiloonja sabuni, maana wote waliamini ladha imo humo humo. Alasiri ile pembeni ya benchi palisimama mgeni wa chuma, meza ya kuning'inia, ile ambayo mtu anabanwa vifundo vya miguu, anapinduliwa kichwa chini ili mgongo unyooke. Mwenyewe alikuwa Misumari, fundi makochi, aliyepata jina kwa kujaza misumari mdomoni akiwa kazini, hasa mkewe akiuliza jambo gumu. Mgongo ulimshika mwezi uliopita, akawa anatembea kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Basi asubuhi, mkewe akiwa bado safarini kwa dada yake, akabadilishana na jamaa aliyefunga ukumbi wa mazoezi: akatoa kochi la sebuleni, akachukua meza. Mke alikuwa anarudi jioni hiyo hiyo. Hesabu ya Misumari ilikuwa nyepesi: akimkuta amenyooka, kochi litasameheka.

— Kochi gani, lile la maua? aliuliza Redio, fundi simu, asiyepitwa na habari.

— Lile lile.

— Ulilomshonea shemeji mlipooana?

— Redio, kunywa kahawa.

Kinyozi, ambaye kwa sababu ya koti lake jeupe anaitwa Daktari, aliizunguka meza akiigonga-gonga.

— Mgongo ni kama mabehewa ya treni. Ukiinama sana yanabanana. Ukining'inia yanaachiana.

— Mabehewa yakiachiana si ndiyo ajali? aliuliza Redio.

— Hayo ya treni. Mimi naongelea mgongo.

— Treni umeileta wewe.

— Popo umewahi kumwona ameshika kiuno?

Hakuna aliyewahi. Hoja ikapita.

— Mimi nijuavyo, alisema Redio, maumivu hayaishi, yanahama. Ukipinduka yanateremka kichwani, unayapenga na kamasi. Ila usizidishe. Kuna mtu alining'inia wiki nzima akarefuka, mkewe akamkatalia mlangoni. Alisema aliolewa na mfupi.

Misumari hakucheka. Kucheka kulimuuma kiunoni.

— Una presha? Daktari aliuliza kwa sauti ya hospitali.

— Ninayo ya mke anayerudi jioni.

— Hiyo haizuii. Panda.

Akapanda, wakambana miguu, wakamsukuma. Dunia ikageuka taratibu. Halafu kitu kiunoni kikaachia, kama kifungo cha suruali baada ya shibe, na maumivu ya mwezi mzima yakaondoka bila kuaga. Machozi yalimtoka yakaelekea kwenye nyusi.

— Jamani, nimepona.

Meza ikaendelea kugeuka. Ikafika wima, miguu juu kichwa chini, ikakaa.

— Basi, nirudisheni.

Daktari akavuta. Redio akavuta. Meza haikuwa na habari nao.

— Hapa chini kuna pete mbili tupu, alisema Redio akichungulia. Palikuwa na mkanda?

— Ulikuwepo, sauti ya Misumari ilitoka karibu na vumbi. Mkanda mzuri sana. Nimeutandika kwenye kiti cha mteja.

— Ndio uliokuwa unazuia usipinduke mpaka mwisho.

— Mimi nikiona mkanda mzuri, naona kiti.

— Na hicho kiti kiko wapi?

— Mteja amekibeba mchana.

Wakawaza. Daktari ndiye aliyetoa wazo.

— Maadamu upo hapo, nikupunguze kisogoni?

Kabla hajamjibu, Misumari aliona ndala anazozijua zikija, zimejaa vumbi la safari, na juu yake vifundo vilivyovimba. Zikasimama mbele ya pua yake. Redio aliangalia ndani ya kikombe. Kilikuwa kitupu, akaendelea kuangalia.

— Shemeji, karibu, alisema Daktari, akificha mkasi mfukoni.

— Asante. Baba Watoto.

— Naam, mama.

— Mgongo vipi?

— Umepona. Haki ya Mungu umepona.

— Nashukuru, alisema akilitua begi chini. Nimepita nyumbani. Basi lilijaa, nimesimama njia nzima. Nikawa najisemea, vumilia tu, ukifika utajitupa kwenye kochi lako.

Daktari na Redio waliinuka wote wawili kumpisha kwenye benchi. Mke aliliangalia benchi na mguu wake wa waya, hakusogea. Alikuwa anamtazama yule aliyening'inia.

— Nimefungua mlango, nimeona ukuta. Sasa nikae wapi?

Daktari alifuta koti lililokuwa safi. Redio alitikisa birika, halikulia kitu. Misumari alifungua mdomo, ulimi ukatafuta shavu la kulia, ukatafuta la kushoto, na siku hiyo hapakuwa na hata msumari mmoja.