Kupinduka kwa Mafriji

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, limeegemezwa ukutani kwa sababu mguu wake mmoja ulikatika tukauwekea tofali. Cherehani yangu iko ubavuni mwake, chini ya kipande cha bati, ndiyo maana kila kinachosemwa pale hunipitia masikioni, nitake nisitake. Suruali nilizozipinda kombo kwa sababu ya porojo za wazee wa benchi hili hazina idadi. Jumatatu ile asubuhi alikuja Mafriji, fundi wa majokofu, mwenzetu wa siku zote. Jumamosi alikuwa ametoka na mdogo wake, mchomeleaji wa mageti, kwenye kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki ambao watu wawili hukaa juu yake na kupiga kasia. Ikapinduka huko mbali, maji yalikochafuka. Mdogo mtu alikuwa bado amelazwa hospitali. Mafriji mwenyewe alikuwa na uso uliobabuka kwa jua, midomo imepasuka, viganja vyote viwili vimefungwa bandeji. Akakaa, dada wa kahawa akampa kikombe, akakishika kwa vidole vya pembeni kama anayeshika kaa la moto. "Ndugu zangu," akasema, "ngojeni niwasimulie." Hawakungoja.

— Pole sana kaka, alisema Kinyozi akitoka dukani na mashine mkononi. Ndani alimwacha mteja na nusu ya kichwa. — Lakini mimi nilijua.

— Ulijua nini? Mafriji akauliza.

— Kwamba mtapinduka. Wewe una bega moja zito. Miaka kumi na tano unabeba kisanduku cha vyombo bega la kulia. Hilo bega limekomaa peke yake. Ukikaa kwenye kitu chembamba, lazima kilale kulia.

— Tulipindukia kushoto.

— Basi ulikuwa unajizuia usiende kulia, ukapitiliza. Haraka haraka haina baraka.

Mafriji alinitazama mimi. Nikashusha macho kwenye pindo. Nilitamani nimwambie yule Kinyozi arudi akamalize kichwa cha watu.

— Sikilizeni, Mafriji akaanza upya. Tuliondoka saa mbili asubuhi. Maji yametulia, unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Tulitaka kuuzunguka ule mwamba wa mbele na kurudi. Mdogo wangu akaniambia pale ufuoni, "Kaka, vaa jaketi lako la kuelea." Yeye lake keshavaa, kafunga zipu mpaka shingoni, filimbi inaning'inia. Mimi nikaona joto. Nikalikunja nikalikalia.

— Ulilikalia! akadakia Nahodha.

Huyu Nahodha msidanganywe na jina lake. Alikata tiketi za kivuko miaka ishirini na mbili, ndani ya kibanda, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuvuka. Anasema maji yanamsumbua tumbo.

— Nililikalia, mzee. Plastiki ile ni ngumu.

— Hapo ndipo kosa. Jaketi lile limejaa hewa. Umekalia hewa, umekaa juu juu. Mtu akikaa juu juu maji humwona.

— Maji humwona?

— Humwona! Mimi nimekaa na maji miaka ishirini na mbili.

— Ulikaa na tiketi, Kinyozi akasema.

— Tiketi za wapi? Za majini!

Nikapiga cherehani kwa nguvu ili wanyamaze. Haikusaidia. Mafriji akanywa funda, midomo ikamuuma, akakunja uso.

— Mnaniacha niseme au hamniachi?

— Sema, sema. Nani kakukataza?

— Saa nne upepo ukageuka. Ukawa unatoka nchi kavu kwenda nje. Tukiwa nyuma ya mwamba hatukuusikia. Tulipotokeza tu, tukakuta mawimbi mafupi mafupi, yamesimama wima, moja halijaondoka jingine limefika. Mdogo wangu akasema, "Tuyaelekee kwa pua, kaka, tusonge pole pole mpaka tuwe kwenye kivuli cha mwamba." Mimi nikaona ufuo uleee, nikaingiwa na woga. Nikataka kurudi papo hapo. Nikageuza. Tulipolala ubavu tu, wimbi likatunyanyua kama mtu anayemwaga ungo.

Hapo ikawa zamu ya Daktari. Daktari wetu anauza dawa ya panya, na mara nyingine ya kunguni.

— Ni damu hiyo, akasema taratibu.

— Damu gani?

— Ninyi ni ndugu wa tumbo moja. Mama mmoja, baba mmoja. Damu yenu inachezea mahali pamoja. Wewe ukiinama kushoto, naye anainama kushoto bila kujijua. Watu wasio ndugu, mmoja huinama huku, mwingine huku, chombo kinatulia. Damu nzito kuliko maji, wahenga walisema. Sasa kitu kizito kikikaa juu ya chepesi, hakigeuki?

Kinyozi akatikisa kichwa, akavutiwa. — Hiyo ina mantiki.

— Haina! nikasema. Nilishindwa kujizuia. — Mtu amekwambia alilaza ubavu kwenye wimbi. Amekwambia kwa kinywa chake. Mnatafuta nini tena?

— Wewe Sindano shona, akanijibu Nahodha. Mambo ya majini yana wenyewe.

— Mwenyewe si huyu hapa aliyetoka majini?

— Aliyeanguka toka mnazini ndiye ajuaye kukwea?

Nikakata uzi kwa meno, kwa hasira. Mafriji alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa ya chini, ikabidi hata Kinyozi azime ile mashine aliyokuwa ameisahau mkononi.

— Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyodhani. Nilipoibuka, sikuona kitu ila mgongo wa kayaki. Simu zilikuwa kwenye mfuko miguuni pangu, ndizo za kwanza kwenda chini. Mdogo wangu akaniita kwa jina langu la utotoni. Akasema, "Usiache kayaki. Shika kamba. Usiogelee kwenda popote." Tukaigeuza, yeye akashika upande ule, mimi nikapiga miguu, nikajivuta kwa tumbo mpaka nikapanda. Tukakaa. Hatukumaliza dakika mbili, ikatumwaga tena. Mara tatu tulipanda, mara tatu ikatumwaga. Mara ya tatu mikono yangu ikakataa.

— Mngemwaga maji yaliyoingia, akasema Kinyozi.

— Ile haiingii maji. Unakaa juu yake.

— Hata hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki. Mngeyamwaga, yasingerudi.

— Kinyozi, nakuomba.

— Nasaidia tu, kaka.

— Na nguo je? Nahodha akauliza. Mlivaa nguo?

— Tulivaa nguo, mzee. Tungekwenda uchi?

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ninyi hamkuyavulia. Mmeyaingia na mashati, yameona dharau.

Dada wa kahawa, ambaye huwa hachangii, alisonya. Nilimpenda siku ile.

— Na rangi yake? Daktari akauliza. Hiyo kayaki ni rangi gani?

— Nyekundu.

Wakatazamana wote watatu kama madaktari wa kweli wanaotazama picha ya mfupa.

— Nyekundu! akasema Nahodha. Basi mwulizeni ng'ombe dume nyekundu ni nini. Na wimbi ni nini kama si dume la maji? Lina pembe lile, hamlioni linavyokuja limeinamisha kichwa?

— Ndiyo maana meli kubwa hupakwa rangi nyekundu chini, akaongeza Daktari, ili wimbi lisiione.

— Na mvuvi akivaa kofia nyekundu?

— Huyo harudi!

Mafriji akakiweka kikombe chini kwa kishindo. Kahawa ikamwagikia ile bandeji. Hakujali.

— Jaketi langu lilichomoka nilipopinduka! Mnasikia? Lile nililolikalia. Likaelea likaenda zake. Mimi sina kitu mwilini, na si mwogeleaji, mnajua. Nimeshika kamba tu, na kila wimbi linanifunika. Mdogo wangu aliyeniambia tusiache kayaki, akaiacha. Aliogelea kulifuata lile jaketi. Kama kutoka hapa mpaka lile duka la vioo, halafu mara mbili yake. Nilikuwa namwona, simwoni, namwona, simwoni. Nikapiga kelele arudi mpaka sauti ikaniisha. Ndiyo hii mnayoisikia.

Ndani ya duka yule mteja mwenye nusu kichwa alikuwa amesogea mlangoni, shuka la kinyozi bado shingoni.

— Alirudi nalo. Kalishika kwa meno. Akanivalisha, akanifunga zipu mwenyewe, kama alivyokuwa akinifunga mimi viatu vyake nilipokuwa nampeleka shule... nisameheni, mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga yeye. Kichwa hakijakaa sawa. Akanifunga, akasema, "Haya, sasa tumekuwa wawili." Basi. Baada ya hapo nguvu zilimwisha. Amemeza maji mengi mno. Kichwa kikawa kinalala kwenye maji. Nikapitisha kamba ya kayaki kwenye mkanda wa jaketi lake, nikaizungushia viganjani, nikawa namwinua kila wimbi linapokuja. Mkono mmoja ukichoka, mwingine. Ngozi ikatoka, sikusikia. Nikachukua filimbi yake nikawa napuliza. Sijui nilipuliza mara ngapi. Karibu na saa kumi mpishi wa boti ya mizigo alitoka nje kumwaga maji ya kuoshea sufuria, ndiye aliyesikia.

Nilidhani yataishia hapo. Mtu mwenye akili timamu angeacha yaishie hapo.

— Mfa maji, akasema Kinyozi kwa huruma ya kweli, akimpiga Mafriji begani, haachi kutapatapa. Jikaze.

— Ila mdogo wako alikosea, Nahodha akaongeza. Mwenye chombo haachi chombo.

— Asingekiacha mimi nisingekuwa hapa!

— Amekiacha ndiyo maana upo.

— Sasa amekosea nini?

— Kanuni. Mimi nazungumzia kanuni.

Wakaanza tena. Daktari akasema filimbi imewaokoa si kwa sauti, bali kwa sababu pumzi ya aliyenusurika huvuta meli. Kinyozi akasema lazima filimbi ilikuwa nyekundu. Nahodha akaapa kwamba kwenye kibanda chake cha tiketi kulikuwa na filimbi kama hiyo, na hakuna siku kibanda kilizama. Nilikuwa nimeshona mfuko wa nyuma kwa mbele ya suruali ya mtu. Nikazima cherehani nikashika kichwa.

Ndipo alipofika mama mmoja. Hakuna aliyemjua ila Mafriji. Kijana bado, khanga mabegani, kikapu chenye chupa ya uji na nguo safi. Alitusalimia wote, akawaamkia wazee mmoja mmoja bila kuruka.

— Shemeji, alimwambia Mafriji, narudi wodini. Usiku amelala vizuri. Leo ameomba uji mwenyewe, na ameniambia nikupitie, anataka akuone.

Mafriji alisimama mara moja. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. — Ameomba uji?

— Ameomba, na ule wa hospitali ameulalamikia kwamba hauna sukari. Daktari wa wodi anasema maji kifuani yanapungua.

Tukashukuru kwa sauti, hata yule mteja wa mlangoni. Huyu mke wa mchomeleaji akahamisha kikapu mkono wa pili. Hakuondoka. Alikuwa na neno lililobaki.

— Wazee wangu, samahanini. Jana nahodha wa ile boti alikuja kumwona mgonjwa. Akaniambia maji yalikuwa yakiwasukuma nje kila saa inayopita. Akasema watu wa uokoaji wangepigiwa simu saa saba, wangewapata mapema, karibu na mwamba, kabla mume wangu hajameza maji yote yale. Mimi nilikuwa zamu kiwandani, simu huwa tunaziacha mlangoni. Nikamwuliza shemeji, kwani hamkumwambia mtu? Akanijibu walisema. Walipita hapa asubuhi, wakawaambia saa saba watakuwa wamerudi.

— Tulisema, Mafriji akajibu kwa sauti ya chini. Kwenu wote.

— Basi nilitaka kujua tu, akasema yule mama. Hakukuwa na ukali wowote. Alituuliza kama mtu anayeuliza njia. — Ilipofika saa saba, wasionekane, na saa nane wasionekane, mlifanya nini?

Kinyozi alitazama mashine yake. Daktari akaanza kupanga pakiti zake za dawa, zilizokuwa zimepangwa tayari. Nahodha akainama akaanza kufunga kamba za viatu.

Yule mama akatuangalia sote, kisha akatuaga kwa adabu ile ile. Mafriji akajaribu kumpokea kikapu, akakumbuka viganja vyake, akakitundika kwenye kiwiko. Wakashika njia ya hospitali. Dada wa kahawa akakusanya vikombe, vingine bado vina kahawa, na hakuna aliyemzuia.

Mimi najua tulifanya nini. Saa saba Jumamosi tulikuwa hapa hapa, wote wanne, tukibishana kama jogoo huwika kwa sababu ya jua au kwa sababu ya jogoo mwenzake. Saa nane nilinyanyua kichwa nikasema, "Mafriji kachelewa." Kinyozi akajibu, "Wamenogewa." Tukacheka, nami nikaendelea kupinda suruali. Simu yangu ilikuwa juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi, chaji imejaa.