Kadi Moja ya Mkubwa na Kadogo

Kijiwe chetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, kinaitwa Transit, kwa sababu kila aliyekikalia alisema anapita tu. Yakubu wa Kindu, tunayemwita Jumla kwa kuwa hajui kutoa maneno rejareja, anapita tu tangu 2009. Zihindula wa Fizi, fundi wa malori ambayo hayapo tena duniani, ni Pistoni. Yeye anapita tu mwaka wa kumi na mbili huu. Mimi wananiita Pasipoti, maana nimelala Kigoma, Lusaka, Nampula, na siku nne Johannesburg, na pasipoti sijawahi kuishika hata ya mtu mwingine. Kiti chetu ni friji bovu lililolazwa chini karibu na jiko la Anifa, mjane wa Kindu, ambaye kahawa yake ya tangawizi inaamsha hata aliyekwisha kuandikiwa cheti cha kifo. Jumamosi ile asubuhi redio ya kinyozi wa jirani ilikuwa inatoa habari za Bukavu, tangu ilipochukuliwa na waasi mwezi wa pili, na sisi majenerali wa friji tulikuwa tumekwisha kuikomboa mara mbili kabla ya kikombe cha pili. Ndipo Jules akatokea na begi mgongoni, uso wake kama wa mtu aliyechinja mbuzi wa jirani kwa kumfananisha na wake.

Jules ni mume wa Ketsia, na nyumba yao ina kompyuta mbili. Moja ni Mkubwa, ya mezani, ambayo Ketsia anaifanyia kazi za kanisa: nyimbo za kwaya, ubatizo, matanga. Ya pili ni Kadogo. Jules alikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta kule Area 36, mjini Lilongwe, mpaka ilipotoka amri ya wakimbizi kurudi kambini. Kwa vile chumba hakibebeki, akaunda kinachobebeka: kisanduku cha bati, kioo kwenye kifuniko, taa za rangi ndani. Kila Jumamosi anapanda minibasi kwenda Kawale, mtaa mwingine wa Lilongwe, ambako vijana wanamngoja wacheze mpira wa kwenye kioo. Ila kadi nzuri ya picha iko moja tu, vijiti vya memori ni viwili tu, na diski ni moja. Basi Jumamosi anafungua Mkubwa na kuhamishia vitu vyote kwa Kadogo, Jumatatu anavirudisha. Mwaka na nusu sasa, bila kukosa.

— Kaa, Jules, — Anifa akamwambia. — Ama minibasi inakungoja?

— Kikombe kimoja tu, Mama Anifa. Mi napita.

Tukacheka. Hata sisi tulianza hivyo hivyo.

— Uso yako iko sawa radiateri yenye kutoboka, — Pistoni akasema. — Nini?

Jules akakaa kwenye ncha ya friji, akafungua kipande cha kitenge alichokumbatia. Ndani ilikuwamo kadi ya picha. Kwenye meno yake ya dhahabu kilikuwa kimeng'ang'ania kipande cheusi cha plastiki, kirefu kama kidole.

— Hii ya mweusi si ya kadi, — akasema polepole. — Hii ni mudomo ya Mkubwa, pale kadi inaingiaka. Minibasi ilikuwa inapiga honi, nikavuta na haraka, nikasahau kufinya kale kashikio. Mudomo yote ikakuya nayo.

— Eh, pole, — Jumla akasema. — Utapata mudomo ingine.

— Hiyo si kitu. Ketsia alikuwa anapika filimu ya Mama Louise mu Mkubwa, anaunganisha vipande vikuwe kimoja. Alienda kuchota maji, akaiacha inajipika. Kioo kilikuwa cheusi, mi nikazani amezima. Nikachomoa waya.

Anifa akaweka birika chini. Mama Louise ni mshonaji wetu. Mama yake mzazi alifariki Uvira, kwa uzee, kitandani kwake, jambo ambalo siku hizi kule ni karibu muujiza. Siku hiyo saa tisa ndiyo ilikuwa kumaliza matanga. Wajukuu walimtumia Ketsia vipande vya video, kimoja kimoja, kila mtandao uliporudi. Louise aliondoka Uvira 1996, vita ile ya kwanza, akabakiza mama mlangoni. Tangu hapo amesikia sauti tu kwenye simu yake ya vitufe. Na vipande hivyo amekataa kuvichungulia kwenye simu ya mtu yeyote. Amesema atamwona mama mara moja, mzima, mbele ya watu wake wote.

— Kumbe uko unatoroka, — Anifa akasema.

— Sitoroki, Mama. Niko nafikiri, sema nafikiri nikiwa natembea.

— Na Ketsia anajua?

— Atakuwa amejua sasa. Nilimuachia barua.

— Barua! — Jumla akashika kichwa. — Nyumba ya vyumba viwili, mutu anaandikia bibi barua!

Pistoni akachukua kile kipande, akakiangalia kwa jicho moja kama anayekagua bolti.

— Kitu kidogo hii. Unarudisha mudomo mu mahali yake, unazungusha nsima ya jana pembeni. Nsima ikikauka ni simenti. Mi nilitembeza lori toka Baraka mpaka Uvira na karbirateri ya kufunga na bugali. Bugali ya mihogo njo ilikuwa inashika zaidi, lakini tuko Malawi, tukubali ya hapa.

— Na panya? — Anifa akauliza.

— Panya gani anajua ordinateri, hii kompyuta?

— Hajui ordinateri. Anajua nsima.

— Mama, bazee balisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Balitaja ufa bo benyewe, mi sijaongeza kitu.

— Pistoni, — Jumla akaingilia, — we unafunga mukono, ugonjwa iko mu roho. Sikiliza, Jules. Hii kadi ni bwana mwenye bibi wawili. Mi nilikuwa nabo wawili kule Kindu, najua. Bibi mukubwa siku tano, bibi mudogo siku mbili. Hiyo si mubaya. Mubaya ni kwamba kila Jumamosi bwana anatoka bila kuaga. Leo bibi mukubwa amechoka, amemung'ata: kama unaenda, enda na mudomo yangu!

— Sasa nifanye nini, Papa Yakubu?

— Umurudishe. Aombe musamaha na mashahidi wawili. Mi moja, Pasipoti wa pili. Mugeni njoo, mwenyeji apone.

— Kadi iombe musamaha?

— We utaomba kwa jina yake. Na uende na kitu mukononi. Hata sabuni.

— Yakubu, — Anifa akasema bila kugeuka, anachochea mkaa, — bibi zako wawili, balipata haki hiyo?

— Anifa, mimina kahawa.

— Mi nilikuwa jirani yao. Balihama siku moja, bote wawili, mu gari moja.

— Anifa, kahawa!

Sasa zamu ilikuwa imenifikia, na mimi si mtu wa kuruka zamu. Nilikaa miezi mitatu kwenye duka la intaneti kule Lusaka. Nilikuwa mlinzi wa geti, lakini hilo hakuna aliyeliuliza.

— Jules, — nikasema kwa sauti ya daktari, — hapa kuna hatari bado haijatajwa. Filimu ilikuwa katikati ya njia wakati ulichomoa, sivyo? Haijafika mbele, haijarudi nyuma. Iko wapi?

— Iko wapi?

— Imebaki ndani ya kadi. Ukichomeka hiyo kadi mu Kadogo, inamwagika mu mpira. Saa nane uko Kawale, vijana wamekaa, unawasha: mama yake Louise anaingia uwanjani na kitenge chake, anachukua mpira.

— Anafunga? — Pistoni akauliza.

— Penalti. Kona ya juu. Na huku saa tisa bantu bamekaa kwa Louise, banangoja kulia, golikipa anatokea na fagio, anafagia kiwanja ya Uvira.

Jumla alicheka mpaka mlango wa friji ukabonyea chini yake, tukamvuta mkono. Lakini Jules hakucheka. Alikuwa ameisogeza kadi mbali na begi, kama mtu anayetenganisha maziwa na paka.

— Pasipoti, ni kweli?

Nikajisikia mdogo. Mtu mwenye hofu, hata uongo wa mlinzi wa geti unamwingia.

— Kusema kweli, — nikajibu, — mi nilikuwa upande wa nje.

Utingo akapita anaita Lilongwe, Lilongwe, wa mwisho. Jules akasimama nusu. Minibasi ikaondoka, naye yuko bado vilevile, magoti yamekunjwa, hajui kama anakaa au anaenda. Na pale minibasi ilipokuwa imesimama, ng'ambo ya barabara, tukamwona Mama Louise anakuja kwetu, kitambaa cheusi kichwani, futi ya kushonea shingoni. Hata siku ya matanga ya mama yake hakuivua.

Pistoni akampisha nafasi. Anifa akampa kikombe. Jules akabaki anaangalia viatu vyake.

— Jules, — Louise akasema, — Ketsia iko anakutafuta. Amesoma barua yako.

— Amesema nini?

— Amesema uko na muandiko mubaya.

Basi Jules akakaa, akamweleza yote, kuanzia honi mpaka waya, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya padri. Hakuficha kitu. Louise alikunywa kahawa yake polepole. Alipomaliza akagusa begi kwa kidole.

— Humu njo kuna Kadogo?

— Ndiyo, Mama.

— Na vile vipande vya mama, biko wapi?

— Mu diski.

— Diski iko wapi?

— Nilikwisha kuiingiza mu Kadogo. Na memori. Imebaki hii kadi tu.

— Sasa Ketsia hawezi kumalizia humu?

Jules akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mgeni njia.

— Mama, hii ni ya michezo. Mi na Ketsia tulipatana tangu siku ya kwanza: kazi ya Mungu na ya matanga haiingie mu sanduku ya michezo. Njo maana nahamishaka. Angalia.

Akafungua zipu. Kadogo ilikuwa imebandikwa picha za wachezaji kila upande, mmoja wao ametoa ulimi. Jumla akakubali kwamba ulimi ule haufai matangani. Pistoni akasema hata kwenye ubatizo usingefaa. Mimi nikaongeza kwamba Nampula niliona mtu amefukuzwa kanisani kwa ulimi mfupi kuliko huo.

Louise akaungoja ushuhuda wetu uishe.

— Nimesikia, — akasema. — Lakini hii kadi, Jumamosi iko inacheza mpira. Jumatatu iko inafanya kazi ya Mungu. Sivyo?

— Njo vile, Mama.

— Na Jumapili, kabla ya kuirudisha, munaioshaka na nini?

Jules akaigeuza kadi pande zote mbili. Akaniangalia mimi. Nikamwangalia Pistoni, Pistoni akamwangalia Jumla, na Jumla akamnyooshea Anifa kikombe ajaziwe. Mwaka na nusu wa kufungua na kufunga skrubu, na hakuna hata mmoja wetu, watu wazima wenye mvi, aliyewahi kuuliza.

— Mama yangu alikuwa anatukana marefa, — Louise akasema. — Alikuwa anasimama inje ya uwanja na mwiko. Hatashituka na ulimi.

Akaichukua kadi mwenyewe. Akatoa mkasi mdogo wa nyuzi mfukoni, akakitenganisha kile kipande cheusi na meno ya kadi, kidogo kidogo, kama anafumua mshono wa nguo ya mtu. Kikatoka kizima. Jules akaomba umeme kwa kinyozi. Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa akaleta waya mwenyewe. Kadogo ikawekwa juu ya friji. Jules akachomeka kadi, safari hii akasikiliza mpaka ikasema *tak*. Akabonyeza.

Kitu hakikutokea. Anifa akaacha kuchochea. Halafu feni ikakohoa, taa zikawaka, nyekundu, kijani, buluu, na kioo kikafunguka. Jules akatafuta mle ndani mpaka vipande vikajipanga vyote, vidogo vidogo, na katika kimoja tukaona ukuta wa udongo na kuku.

— Biko vyote! Mama, biko vyote! Tunaanza kupika upya, kwa muda wa saa moja na nusu imeiva!

Louise alikuwa amekwisha kugeuza uso upande wa barabara.

— Usinionyeshe. Saa tisa.

Jules akapiga simu Kawale, akawaambia wacheze kwanza ule wa miguu, yeye atafika jioni na kama hawatachoka wataendelea na huu wa vidole. Tukasikia huko wanazomea, kisha wanacheka, kisha zikomo, zikomo, ndiyo asante ya huku, na simu ikakatika. Akaibeba Kadogo kifuani, akashika njia ya nyumbani kwake mbio, na kinyozi nyuma yake anadai waya.

Saa tisa tulikuwa kwa Louise wote, tumekaa kwenye mikeka, viatu nje. Ketsia alikuwa amefunika Kadogo kwa kitambaa cheupe, ameacha kioo peke yake, lakini taa zilipenya, kitambaa kinakuwa kijani, kinakuwa buluu. Mama yake Louise alitokea anafagia. Akachambua maharagwe. Akagombana na yule kuku. Watu walikuwa wanacheka na kulia kwa zamu. Halafu akakaa mlangoni, akamuuliza mjukuu aliyeshika simu:

— Louise ataona hii?

— Ataona, koko, — mjukuu akamjibu nyanya yake.

Mama akasogeza uso karibu sana, kama unavyomsogelea mtu aliye mbali na hasikii, mpaka kioo kikajaa macho yake.

— Louise! Umekula?

Louise alikuwa amekaa nyuma, kati ya Anifa na ukuta. Akainuka, akapita katikati yetu sote, akapiga magoti mbele kabisa, mahali ambapo mama angeweza kumwona.

— Nimekula, Mama, — akasema.