Hesabu za Hewa ya Mshtarii

Lori lilipotoka Modogashe, kaskazini mwa Kenya, mwaka ule wa 1966, serikali ikipigana na waasi wa Kisomali walioitwa shifta, Rahmo muuza maziwa alijikuta amebanwa kati ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Kinoti, mwalimu kutoka Meru, ambaye aliandika namba daftarini bila kuinua macho. Wa pili, mchuuzi wa mbuzi aitwaye Hirsi, alimtazama weee, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, hii hesabu ya nini?"

"Ya sayari ya Mshtarii. Kule, jua huipiga hewa ya juu kabisa mpaka ikajaa umeme. Nakadiria umeme huo ni kiasi gani, na unafika kimo gani."

"Nani amefika huko?"

"Hakuna. Hata ardhi ya kukanyaga haipo, ni hewa tupu. Ndiyo maana napiga hesabu, halafu nasikiliza ngurumo zake kwa redio."

Rahmo alimwona Hirsi akishtuka.

"Namba na redio? Wallahi, askari atasema hii siri ya shifta. Tupa!"

"Ni kazi ya miaka miwili, bwana. Nitawaeleza. Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Wewe utaulizwa. Sisi Wasomali hatuulizwi."

Rahmo alitamani mwalimu alisikie neno hilo vizuri, lakini lori lilikuwa limeshasimama kwenye kizuizi cha askari. Kinoti akashuka wa kwanza, daftari mkononi, akaanza kueleza habari za Mshtarii. Askari akafunua kurasa mbili tatu, akamrudishia kwa heshima. Kisha akawatazama waliobaki juu.

"Wasomali wote, shukeni."